Upepo Dirishani, Lami Chini ya Miguu

Wanafunzi wangu walilipa gari langu jina, nami sikulijua jina hilo mpaka nilipokaribia kustaafu. Waliliita Kengele ya Pili. Kengele ya kwanza ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyotundikwa kwenye mwembe, ambayo kiranja wa zamu aliigonga kwa nondo saa moja na nusu asubuhi. Ya pili ilikuwa Volkswagen langu la mwaka 1966, lile la mgongo wa kobe, lenye mabomba mawili ya moshi yanayopiga mluzi kila unapoachia mafuta. Lilisikika tangu kwenye kona ya daraja, karibu kilomita moja kutoka shuleni. Kabla halijaonekana, kila mtu alikuwa mahali pake: wanafunzi darasani, walimu wameshika chaki, mpishi anakoroga uji. Miaka yote hiyo nilijisifu kwamba ninaongoza shule yenye nidhamu.

Aliyenifichulia siri alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, siku ya harusi yake mwenyewe. Alinieleza mbele ya wakwe zake, nasi tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Lakini usiku ule nililala nikiwaza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria sana, ingawa nilifundisha sayansi kwa miaka mingi: kwamba kelele ya gari ni mali ya watu wawili. Kuna aliye ndani, ambaye humchosha. Na kuna aliye nje, ambaye humpa habari.

Gari lile bado ninalo. Lipo chini ya banda la mabati nyuma ya nyumba yangu hapa Morogoro. Mwanangu wa pili, kila anapokuja likizo, hunishauri niliuze. "Baba," husema, "chuma hiki kinakula hela zako bure. Na ukiliendesha masikio yako yanaumia." Kuhusu masikio hajakosea. Nina zaidi ya miaka sabini na sikio langu la kulia, lile la upande wa dirisha, husikia kidogo kuliko la kushoto. Sina ushahidi kwamba ni Volkswagen lililolidhuru, lakini nalishuku.

Nililinunua mwaka 1986 kutoka kwa daktari mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Vijana wa leo hawatajua ugumu wa gari nyakati zile. Nchi ilikuwa imebanwa na bei ya mafuta kiasi kwamba, kwa miaka mingi, haikuruhusiwa kuendesha gari binafsi siku ya Jumapili baada ya saa nane mchana. Ukikaa kando ya barabara kuu jioni ya Jumapili ulisikia njiwa. Serikali ilikuwa imeanza kulegeza masharti tangu 1984, wakaruhusiwa wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, magari yakiwemo, lakini mwalimu angezipata wapi fedha za kigeni? Kwa hiyo Volkswagen la miaka ishirini lilikuwa kwangu kama ndege.

Lilikuwa na heshima yake pia. Mbio za Safari zilianza Afrika Mashariki mwaka 1953, na magari ya aina hii yalijipatia sifa humo mapema. Mwaka 1962 bado Volkswagen liliweza kushika nafasi ya kwanza. Injini yangu ilikuwa ile ya 1300, nguvu za farasi 40, imefungwa nyuma, inapozwa kwa hewa badala ya maji. Watu hudhani injini kuwa nyuma huleta utulivu mbele. Ni kweli kwa kiasi, nami nitaeleza kwa nini utulivu huo ulikuwa wa hila.

Mke wangu, Mama Rehema, kwao ni Iringa. Kila Desemba tulikwenda huko, safari ya zaidi ya kilomita 300 kwa barabara ile iliyowekwa lami mwanzoni mwa miaka ya sabini, inayotoka Dar es Salaam hadi Zambia. Tukitoka mjini mwendo ukiwa kilomita 40 kwa saa, tulizungumza kama watu sebuleni. Ukifika 60 tulianza kupaza sauti. Ukifika 80, mazungumzo yalibaki maneno matatu matatu: "Punguza mwendo!" "Maji yapo?" "Mbuzi hao!" Baada ya Doma tulinyamaza kabisa, kila mtu na mawazo yake, mpaka Mikumi mjini tuliposimama kununua chai. Nikizima injini, masikio yalivuma kwa dakika nzima.

Sasa, kelele ile ilikuwa ya nini? Mtu asiyejua atasema ni injini. Nilipokuwa darasani nilipenda kuwafanyia wanafunzi jaribio hili: teremka mlima, weka gia huru, usikilize. (Usilifanye Kitonga, tafadhali. Breki za Volkswagen si za kuchezea mlima ule.) Injini ikilala, utashangaa kelele imebaki karibu yote. Zimebaki mbili: ya tairi juu ya lami na ya upepo juu ya bodi.

Zina tabia tofauti, kama watoto wa mama mmoja. Ya tairi huanza mapema. Katika gari dogo la kawaida, kuanzia mwendo wa kilomita 40 au 50 hivi kwa saa, tairi tayari hupiga kelele kuliko injini. Lakini huongezeka polepole: mwendo ukiongezeka maradufu, sauti ya tairi hupanda desibeli 9 hadi 12. Ya upepo huanza kwa adabu, haisikiki kabisa mjini, kisha hupanda ghafla. Nguvu ya sauti ya upepo unaopiga kitu kinachojitokeza hukua takriban kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara sita. Chukua chaki: mbili mara mbili, mara mbili, mpaka umetumia mbili sita. Unapata 64. Yaani dereva akitoka kilomita 50 akafika 100, upepo unampigia kelele yenye nguvu mara 64, ambayo ni desibeli 18 hivi. Ndiyo maana kila gari, liwe la bei gani, lina mwendo ambao likiuvuka upepo hushika usukani wa mazungumzo.

Volkswagen langu lilikuwa kama limebuniwa kumsaidia upepo. Ukilitazama kwa mbali ni mviringo mzuri, utadhani hewa itateleza juu yake kama maji juu ya kobe. Sogea karibu. Kioo cha mbele ni bapa na kimesimama. Taa zimetoka nje. Matope yamevimba kila upande, na kati yake kuna ubao wa kukanyagia. Juu ya milango kuna mfereji wa chuma wa kuzuia maji ya mvua yasikudondokee shingoni, na mfereji ule ni filimbi. Wapimaji huyapa magari namba ya kuonyesha jinsi yanavyoipasua hewa. Ndogo ndiyo nzuri. Ya Volkswagen lile ni karibu 0.48.

Halafu kile kijidirisha cha pembetatu! Mwenye gari la kale anakijua. Kipo mbele ya kioo cha mlango, unakifungua kwa kidole, ukikigeuza vizuri upepo wote wa bonde la Ruaha unaingia kifuani kwako. Hatukuwa na kiyoyozi. Kijidirisha ndicho kilikuwa kiyoyozi. Lakini ukikifungua kililia, na ukikifunga kililia kwa sauti nyembamba zaidi, maana mpira wake ulikuwa umekauka tangu enzi za daktari. Yasemekana, na ni kweli, kwamba Volkswagen jipya lilibana hewa hata ilikulazimu kufungua kioo kidogo ndipo mlango ufunge. La kwangu halikuwa na shida hiyo. Milango ilifunga vizuri sana kwa sababu hewa ilikuwa na njia nyingi za kutokea. Mke wangu alikuwa akifunga khanga kichwani na masikioni, si kwa ajili ya vumbi.

Vita dhidi ya kelele hii ni vya zamani. Magurudumu ya mwanzo yalikuwa na pete za chuma au mpira usio na hewa, na mtu aliyepanda gari juu ya mawe hakuhitaji kuuliza habari za barabara, aliipokea mifupani. John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la hewa huko Belfast mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli, na ndugu wawili wa Michelin wakaingia na tairi za hewa kwenye mbio za magari kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi mwaka 1895. Zilipasuka njia nzima, lakini njia ilikuwa imeonekana. Upepo, kwa upande wake, haukuwa na wa kuulalamikia, maana magari yalikuwa wazi na abiria alivaa miwani na kofia kama mpanda pikipiki. Ni miaka ya ishirini, Marekani, ndipo gari lenye paa na vioo lilipoanza kuuzwa kwa bei ya watu wa kawaida. Essex ya mwaka 1922 hutajwa sana katika habari hiyo. Hapo ndipo watu walipogundua kwamba wamejifungia ndani ya debe. Debe likipigwa na kokoto kutoka chini na upepo kutoka juu, linavuma.

Tangu hapo utulivu ukawa bidhaa, ukauzwa kwa matajiri kwanza. Mwaka 1958 David Ogilvy, mtunga matangazo wa New York, aliandika tangazo la Rolls-Royce lililokuja kuwa maarufu duniani. Alidai kwamba gari hilo likienda maili 60 kwa saa, kinachosikika zaidi ni saa ya umeme iliyomo ndani. Na hakuwa wa kwanza. Kampuni ya Pierce-Arrow ilikuwa imetangaza dai la namna hiyohiyo miaka ya thelathini. Mimi nimewahi kupanda Land Rover za ofisi zilizokuwa na saa, na sikuwahi kuisikia hata tuliposimama.

Wahandisi waliokuja baadaye walifanya kazi ambayo mtu huioni mpaka uonyeshwe. Walikiondoa kile kijidirisha. Waliuficha mfereji wa mvua ndani ya kingo za mlango. Walivisogeza vioo vya milango nje hadi vikawa sawasawa na bodi, kama Audi 100 ya mwaka 1982, ambayo namba yake ya hewa ilishuka hadi 0.30. Walizilaza wapangusa kioo chini ya ukingo wa boneti. Wajapani walipotoa Lexus LS 400 mwaka 1989 walifika 0.29, wakabandika lami laini katikati ya mabamba mawili ya chuma kati ya injini na abiria, kisha katika tangazo wakapanga glasi juu ya boneti, gari likizungusha magurudumu, na glasi hazikuanguka. Siku hizi kioo chenyewe ni tabaka mbili zilizobana utando laini unaomeza sauti. Mpira wa mlango si mmoja tena, ni miwili au mitatu.

Tairi nalo lina historia yake. Michelin walileta tairi la radiali baada ya Vita vya Pili, likaanza kuuzwa mwaka 1949, nalo likayashinda yale ya zamani yaliyofumwa nyuzi za mshazari. Lakini hapa kuna kichekesho. Wanunuzi wakataka tairi pana, nyembamba kwa ubavu, zenye sura ya mashindano. Na tairi likiwa pana hupiga kelele zaidi. Kwa hiyo kampuni zile zile zinazotuuzia kelele chini ya gari hutuuzia sponji ya kuinyamazisha, wakati mwingine imegundishwa ndani ya tairi lenyewe. Na kwetu huku lami nyingi ni ile ya kumwaga kokoto juu ya lami moto na kuzishindilia. Ni ya bei nafuu, inashika tairi vizuri mvua ikinyesha, na inanguruma kama mashine ya kusaga.

Mwaka 2003 ni mwaka ambao Volkswagen la mwisho la umbo lile lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21. Mwaka huohuo, kwa bahati tu, nami nilinunua Toyota Corolla la mitumba kutoka Japani, lililokuwa na miaka 12, nikaliingiza kobe bandani. Safari ya kwanza kwenda Iringa ilikuwa ya ajabu. Tulifika kilomita 80, kisha 90, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinapuliza. Mama Rehema akaiondoa khanga masikioni. Akatazama huku na huku kama mtu aliyeingia kanisani wakati wa sala. Kisha akasema, "Baba Rehema, gari hili limenyamaza. Sasa itabidi tuzungumze."

Nilicheka, lakini alisema kweli. Miaka 17 tulikuwa tumesafiri pamoja tukiwa tumefichwa na kelele. Mimi nilikuwa na shule kichwani, yeye alikuwa na yake, na upepo wa dirishani ulikuwa kisingizio chetu sote wawili. Ndani ya Corolla mtu akinyamaza, amenyamaza. Kwa hiyo tulizungumza. Tulimaliza habari ambazo nyumbani, kwa wageni na watoto na madaftari ya kusahihisha, zilikuwa hazina nafasi.

Mwaka 2008, tukikata mbuga ya Mikumi, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya vitunguu, kwamba siku hizi akitazama mbele haoni pembeni. "Kama ninachungulia kwenye bomba," alisema. Nikamwuliza tangu lini. Akasema mwaka mmoja, labda na nusu. Ilikuwa presha ya macho, ile madaktari waiitayo glakoma. Dawa zilichelewesha tu. Jicho likishapotea kwa ugonjwa ule halirudi. Nimejiuliza mara nyingi kama angeniambia ndani ya Volkswagen. Nadhani hapana. Hayo si maneno ya kupigiana kelele. Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya: sitausema vibaya utulivu wa gari la kisasa. Nina deni nao.

Kufika 2013 alikuwa haoni kabisa. Nyumba yetu aliijua kwa miguu na kwa vidole, na ua aliujua kwa masikio. Corolla lilikuwa na sauti yake, ndogo, lakini alilijua likiwa bado langoni, akatoka na fimbo kunipokea. Basi mwaka 2018 mwanangu, kwa mapenzi mema, aliniletea gari la aina ya mseto, linalotumia petroli na betri. Lilikuwa la mitumba, lililotengenezwa mwaka 2009. Nililipenda sana. Likienda polepole lilitumia umeme peke yake, na katika mwendo huo lilikuwa halina injini, halina upepo, wala halina tairi la kusikika. Lilikuwa kama kivuli.

Februari 2019, asubuhi, nilikuwa nalirudisha nyuma kutoka ukumbini. Nilitazama kioo cha kulia. Yeye alikuja kutoka kushoto, anakwenda kuanika nguo. Nilisikia fimbo ikivunjika kabla sijajua ni fimbo. Alianguka juu ya mkono, kifundo kikavunjika sehemu mbili. Namshukuru Mungu mwendo ulikuwa mdogo kuliko wa mtu anayetembea. Nilipomwinua, hakulia wala hakunilaumu. Alisema neno moja, akalirudia mara mbili: "Sikukusikia."

Baadaye, nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, na usiku mwingi uliofuata, nilisoma niliyopaswa kuyasoma kabla. Kwamba chama cha wasioona cha Marekani kilikuwa kimeyapigia kelele magari haya kwa miaka kadhaa. Kwamba Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mwishoni mwa mwaka 2010, ikatiwa sahihi Januari 2011, kuyataka magari yanayokwenda kwa umeme yatoe sauti yanapokwenda polepole. Kwamba Japani ilitoa mwongozo wake mwaka 2010. Kwamba Umoja wa Ulaya ulipitisha yake mwaka 2014: aina mpya kuanzia Julai 2019, na kila gari jipya la namna hiyo kuanzia Julai 2021, lilie mpaka kilomita 20 kwa saa. Kwa nini 20 tu? Kwa sababu zaidi ya hapo, tairi na upepo huanza kufanya kazi hiyo wenyewe, bure. Zile kelele mbili ambazo wahandisi walizifukuza kwa miaka mia moja, sheria sasa inazitegemea. Gari langu lilikuwa limezaliwa kabla ya sheria hizo zote.

Naongeza jambo moja ambalo linanikera, ingawa halihusu ajali yangu. Kuna magari ya fahari ambayo, baada ya kuzibwa kila tundu hadi dereva haisikii injini aliyoilipia, hupigiwa sauti ya injini kwa spika za ndani. BMW walifanya hivyo kwenye M5 yao ya mwaka 2011. Mtu analipa anyamaziwe, kisha analipa aimbiwe. Na wenye magari ya umeme nasikia hulalamika kwamba upepo na lami vimezidi. Havijazidi. Mwalimu yeyote anajua kwamba mpiga kelele mkubwa akitolewa nje, ndipo unapowasikia wanaonong'ona nyuma ya darasa. Huo ndio ule utulivu wa hila nilioutaja: injini yangu ilikaa nyuma, nami mbele nikabaki na wanong'onaji wote.

Gari la mseto nililirudisha kwa mwanangu. Hakufurahi, akadhani namlaumu. Simlaumu, aliyekuwa kwenye usukani ni mimi. Nikamwita fundi wa zamani, mzee kama mimi, tukaliondoa turubai. Panya walikuwa wamekula nyaya na kiti cha nyuma. Ilichukua muda hadi 2020 kulifufua: kabureta, breki zote, tairi nne, mipira ya milango na madirisha. Fundi alitaka kubadilisha na yale mabomba ya moshi yaliyotoboka, aweke moja la kisasa lisilo na mluzi. Nikamkatalia. Siku nililoliwasha, Mama Rehema alikuwa jikoni, na kuta tatu zilitutenganisha. Nikamsikia anacheka.

Desemba ile alitaka twende Iringa kwa gari hilo. Niliogopa injini, niliogopa Kitonga, niliogopa umri wetu. Tukaondoka alfajiri kukwepa malori. Nilikuwa nimejiandaa kwa safari ya kimya, kama zile za zamani, maana kelele ilikuwa ileile. Mipira mipya ilipunguza kidogo tu. Lakini hakunyamaza. Alikuwa ameacha khanga mabegani, masikio wazi, mkono mmoja juu ya mlango, miguu ameivua viatu akaikanyaga sakafu.

"Hapa wameweka lami mpya," alisema kwa kupaza sauti. Kweli, kokoto mbichi zilikuwa zimeanza mita chache nyuma. Baadaye: "Daraja." Kisha: "Kuna ukuta upande wako, au mlima." Ulikuwa mlima, umekatwa kwa ajili ya barabara, na sauti yetu ilikuwa ikiturudia kupitia dirisha langu. Mikumi aliitambua kwa matuta, na alipoona tumetoka mbugani alikuwa amenitangulia. Ndani ya Corolla, na zaidi ndani ya lile la mseto, alikuwa akiniuliza kila baada ya nusu saa, "Tumefika wapi?" Mimi nilidhani ni uchovu wa safari, na wakati mwingine nilimjibu kwa mkato. Alikuwa anauliza kwa sababu gari halikuwa likimwambia chochote.

Ruaha Mbuyuni tuliposhuka bondeni alisema upepo umekuwa mzito, hewa ya moto ina sauti yake. Hilo silithibitishi kwa fizikia, lakini kipimajoto cha ngozi yangu kilikubali. Juu ya daraja la Ruaha Mkuu alihesabu viungo vya daraja kwa kidole juu ya goti, kimoja kimoja, kadiri tairi zilivyovigonga. Kitonga tulipanda kwa gia ya pili nyuma ya lori la simenti, na huko hakukuwa na upepo wala tairi, ila injini tu, ikilia kama mtoto anayebebwa kwa nguvu. Alilipigapiga dashibodi kama mtu anavyompigapiga ng'ombe. Tulipofika kileleni nikaongeza mwendo, upepo ukarudi taratibu kwenye mfereji wa mvua, akasema, "Karibu nyumbani."

Alifariki mwaka 2022. Mwanangu alikuja mazishini na gari lake, na mara tu shughuli zilipoisha akaanza tena, kwa upole safari hii, habari za kuliuza Volkswagen. Sikumjibu. Mwaka jana Desemba nilimwomba anipeleke Iringa kuweka mambo ya kaburi sawa, nikasema tutakwenda na la kwangu, naye ataendesha wakati wa kurudi. Wakati wa kwenda alikaa kiti cha mama yake. Tulipovuka Doma nikamwambia afunge macho. Akafunga, kwa heshima, kama mtu anayemvumilia mzee. Nikaendesha kama robo saa, kisha nikapaza sauti nikamwuliza tuko wapi.

"Doma?" alisema.

"Funga tena," nikamwambia.